Nikope akiba yangu ya uzeeni kabla sijahama kazi?

Shikamoo mjomba,

Naomba unisaidie, na naomba ulifiche jina langu maana ndugu wengi husoma safu hii.

Nina miaka 42, niko Texas, nimeolewa, tuna watoto wawili. Nafanya kazi kwenye ghala mwaka wa tisa huu. Toka mwaka wa kwanza nakatwa asilimia 4 ya mshahara kwenda 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, na kampuni inaweka asilimia 4 nyingine juu yake. Sikuwahi kuigusa. Juzi nikafungua akaunti kwenye simu nikakuta dola 31,400. Mjomba, nilikaa chini. Sikujua kama nina pesa kiasi hicho mahali popote duniani.

Sasa tatizo. Nyumba ya mama nyumbani imesimama kwenye lenta miaka minne. Kaka amenitumia hesabu kwa WhatsApp, ujumbe wa sauti saba, na jumla yake inakuja dola 14,000. Paa peke yake ni 5,500. Zinazobaki ni madirisha, milango, vigae na geti. Mama ana miaka 74 na anaishi chumba cha kupanga. Kila nikimpigia anasema hana shida, na mimi najua anavyosema akiwa na shida.

Kazini nina rafiki aliyewahi kukopa kwenye 401(k) yake. Anasema ni mkopo mtamu kuliko yote, hawaangalii rekodi yako ya mikopo, riba unajilipa mwenyewe, siku tatu pesa iko benki. Rafiki mwingine ananiambia nisijisumbue na mkopo. Nikiacha kazi nitachukua zote kwa mkupuo, wanakata asilimia 20 tu ya kodi, basi, nimemalizana nao. Tena hilo linaniingia akilini kwa sababu nimepata kazi hospitalini, barua ninayo, naanza Agosti, miezi minne kutoka sasa.

Mimi napata kama dola 46,000 kwa mwaka, mume wangu anaendesha lori na anapata kama 95,000. Kodi tunafaili pamoja. Kuhusu hili sijamwambia. Si kwamba ni mkali, ila yeye na kaka yangu hawaivi, na hii ni akiba yangu, jina langu, jasho langu.

Je, nikope, au nisubiri niache kazi nichukue zote? Kaka anataka jibu wiki hii kwa sababu fundi ana nafasi.

Mama Wawili, Texas

*

Marahaba, mpwa wangu.

Umeandika barua ndefu kuhusu paa, na jambo kubwa kuliko paa umelipitisha kwenye nusu sentensi: unaanza kazi mpya Agosti. Ungekuwa unabaki hapo ghalani miaka mitano mingine, jibu langu lingekuwa fupi na huenda ningekuambia kopa. Lakini mkopo wa 401(k) umefungwa kwenye ajira yako kama mbuzi kwenye kamba. Ukiondoka, kamba inavutwa.

Nianze na rafiki yako wa pili, huyo wa kuchukua zote kwa mkupuo, maana huyu atakuumiza zaidi.

Ile asilimia 20 si kodi yako. Ni malipo ya awali tu, yanakatwa na kupelekwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kabla wewe hujaiona pesa. Hesabu yenyewe inafanywa mwaka unaofuata mkifaili. Hapo kiasi chote ulichochukua kinaongezwa juu ya mapato yenu ya mwaka, kisha, kwa kuwa hujafika miaka 59 na nusu, inawekwa asilimia 10 nyingine kama adhabu. Kwa mishahara mliyonayo ninyi wawili, dola yenu ya juu kabisa inatozwa asilimia 22. Asilimia 22 na 10 ni 32. Katika dola 31,400 hizo ni dola 10,048. Siku ya kuzichukua watakukata 6,280, utaona 25,120 imeingia benki, utafurahi, utatuma nyumbani. Halafu Aprili mnadaiwa 3,768 nyingine, na wakati huo zitakuwa zimeshageuka vigae. Karibu theluthi ya miaka tisa yako imeliwa. Na hapo umebahatika kuishi Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Wenzako wa California wanalipa kodi ya jimbo na adhabu ya jimbo ya asilimia 2.5 juu ya hiyo ya serikali kuu.

Kuna watu wanaosikia kwamba unaweza kutoa ukiwa bado kazini kwa sababu ya shida. Ni kweli, kama mpango wa mwajiri unaruhusu, na sababu zinazokubalika kwa kawaida zinajulikana: matibabu, ada ya chuo, kununua nyumba utakayoishi mwenyewe, kuzuia kufukuzwa kwenye nyumba unayoishi, mazishi ya mzazi, mwenzi au mtoto, matengenezo baada ya janga. Nyumba ya mama si nyumba unayoishi wewe. Na hata ambao sababu zao zinakubalika, kodi wanalipa, na adhabu ya asilimia 10 wengi wao wanailipa vilevile, jambo ambalo hushangaza watu kila mwaka. Toka 2024 kuna mlango mdogo wa dharura wa hadi dola 1,000 kwa mwaka bila adhabu, kwa mipango iliyoamua kuufungua. Huo uache ukae. Paa ambalo halijawahi kuezekwa kwa miaka minne linauma, lakini si dharura, na dharura yenyewe itakuja siku yake.

Sasa mkopo.

Rafiki yako wa kwanza hakudanganya. Sheria inaruhusu kukopa hadi nusu ya akiba iliyo yako kamili, mwisho dola 50,000. Kwako nusu ni 15,700, kwa hiyo 14,000 inaingia, ila thibitisha kwanza kwamba na mchango wa kampuni umeshakuwa wako wote. Miaka tisa ni mingi, sitarajii shida hapo. Unarejesha ndani ya miaka mitano, kwa makato ya mshahara. Hakuna kodi, hakuna adhabu, hakuna anayeuliza rekodi ya mikopo. Tuseme riba ni asilimia 8.5: utakatwa kama dola 132 kila wiki mbili, na mwisho wa miaka mitano utakuwa umeweka kama 17,200. Zile 3,200 za riba zinarudi kwenye akaunti yako mwenyewe. Ni kweli, unajilipa. (Utasikia pia watu wakilalamika kwamba mkopo huu unatozwa kodi mara mbili. Ni ile riba tu, si pesa yote. Mimi hilo halininyimi usingizi.)

Asichokuambia ni kwamba pesa ikiwa kwako haiko kwenye soko la hisa. Aliyetoa mwanzoni mwa 2023 alikosa mwaka ambao S&P 500, kipimo cha hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ilipanda zaidi ya asilimia 24. Aliyetoa mwanzoni mwa 2022 alikwepa anguko la zaidi ya asilimia 19 akajiona mjanja. Hakuna anayejua mwaka wako utakuwa upi. Kwa hiyo hilo nalo nisingelifanya sababu ya kukukataza.

Kinachonitisha ni Agosti.

Nikupe yangu. Mwaka 2011 nilikopa dola 9,000 kwenye akiba yangu ya kazini ili niingie ubia wa basi dogo na binamu yangu. Nilikuwa na uhakika na kazi yangu kama nilivyo na uhakika na jina langu. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, tukaitwa ukumbini watu arobaini, tukapewa kila mmoja bahasha na boksi la kubebea vitu vyake. Mkopo ulikuwa umebaki 7,640. Wakati huo mtu alikuwa na siku 60 tu za kutafuta kiasi hicho akiweke kwenye akaunti nyingine ya uzeeni. Mtu asiye na kazi atoe wapi 7,640 ndani ya siku 60? Zikapita. Januari ikafika nyumbani fomu 1099-R, ile ya kuonyesha pesa iliyotoka kwenye akiba ya uzeeni, na kwenye kisanduku cha kwanza imeandikwa 7,640.00, kama vile nilizipokea mwaka ule nikazila. Kodi na adhabu vikaja karibu dola 1,900, mwaka ambao nusu yake sikuwa na mshahara. Basi lenyewe lilikuwa gereji.

Sheria imelegezwa tangu hapo. Kuanzia 2018, ukiacha kazi na mkopo ukahesabiwa kuwa umeuchukua moja kwa moja, una muda hadi siku ya mwisho ya kufaili kodi ya mwaka huo, yaani Aprili inayofuata, au Oktoba kama mmeomba nyongeza ya muda. Ni nafuu kubwa. Lakini nafuu ya muda si nafuu ya pesa. Piga hesabu nami: ukikopa 14,000 leo, kufika Agosti utakuwa umerejesha kama 760 ya deni lenyewe, limebaki 13,240. Unaondoka. Usipoipata 13,240 kutoka mfukoni na kuiweka kwenye akaunti ya uzeeni kabla ya muda huo, IRS inaihesabu kama mapato yenu. Asilimia 32 yake ni dola 4,237. Mkopo mtamu umekuwa kutoa mapema, kwa jina lingine.

Ipo mipango inayomruhusu aliyeondoka aendelee kulipa kila mwezi kutoka benki yake. Huenda wa kwenu ni mmojawapo. Piga simu kwa kampuni inayosimamia akaunti, namba iko kwenye taarifa yako ya robo mwaka, uliza swali moja: “Nikiacha kazi nikiwa na mkopo, naweza kuendelea kulipa?” Wakisema ndiyo, waombe wakuonyeshe ilipoandikwa. Neno la mhudumu wa simu halina nguvu siku akaunti itakapofungwa.

Mimi ningefanya hivi. Ghalani usikope chochote. Ukifika hospitalini, hamisha akiba yako yote iende kwenye mpango wa hapo, ukiwa 401(k) au 403(b). Hospitali nyingi zisizo za faida zina hiyo ya pili, na pesa ya 401(k) inaweza kuingia humo mpango ukikubali. Wakati wa kuhamisha, sisitiza ihamishwe moja kwa moja kutoka mpango hadi mpango. Cheki ikiandikwa jina lako, wewe kama wewe, ile asilimia 20 inakatwa hapohapo na utakuwa na siku 60 za kuifidia kutoka mfukoni ili uhesabiwe umehamisha yote. Cheki ikiandikwa jina la mpango mpya kwa manufaa yako, hawakati kitu, hata kama imepitia kwenye sanduku lako la barua.

Na hapa kuna mtego ambao hata watu wa benki huwatumbukiza wenzetu kwa nia njema. Watakuambia hamishia IRA, akaunti ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe nje ya kazi, ina machaguo mengi. Ni kweli, machaguo yapo. Lakini IRA haikopeshi. Ukishaingiza humo, mlango wa mkopo umefungwa, na njia iliyobaki ni kutoa na kulipa kodi na adhabu. Kwa mtu mwenye nyumba kwenye lenta, hilo ni jambo la kujua kabla ya kutia saini.

Akiba ikishakaa mpango mpya, na kama mpango huo unakopesha, ndipo ukope. Utakuwa na kazi mbele yako badala ya nyuma yako. Kabla ya Agosti waandikie watu wa utumishi wa hospitali uwaulize kama mpango wao unapokea pesa ya kuhamishwa, kuanzia lini, na kama unakopesha. Wameshakuajiri, hawatakunyang'anya barua kwa kuuliza.

Hata hapo, usikope 14,000. Hesabu ya kaka yako ina vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: nyumba ya kuishi, na nyumba ya kupendeza. Mama hanyeshewi na vigae. Geti la nini kwenye nyumba isiyo na paa? Paa ni 5,500. Mkopo huo ni kama dola 52 kila wiki mbili, kiasi ambacho mshahara wako unakibeba bila wewe kwenda kuomba nafuu kwenye ile asilimia 4 yako. Maana hapo ndipo watu wengi wanapopotelea: wanakopa, makato yanawabana, wanasimamisha mchango wao, na mchango wa mwajiri nao unasimama. Kwako ghalani hiyo ni dola 1,840 kwa mwaka, pesa ya bure, unaikataa ili ulipe riba. Madirisha na milango yaje kwa ovataimu. Vigae aje kuviweka kaka yako, ambaye nimeona kwenye barua yako anapiga hesabu vizuri lakini sijaona anachotoa. Nisamehe kama nimemkosea.

Mwambie pia kwamba mafundi wa paa hawataisha kabla ya Agosti. Anayekuharakisha wiki hii hajui kwamba wiki hii ina gharama ya dola 4,237, na si kosa lake, hakuna aliyemweleza. Mtumie ujumbe wa sauti mmoja, mfupi.

Nimeulizwa mara nyingi na akina dada kama mume anapaswa kujua. Mipango mingine ya akiba inadai saini ya mwenzi kabla ya kukopesha, mingi haidai, na wako unaweza kukupa pesa bila yeye kusikia lolote. Nami sitakuambia kwamba jasho si lako. Ila mnafaili pamoja. Jambo likienda kombo, zile 4,237 hazitadaiwa wewe peke yako, zitakatwa kwenye marejesho ya kodi ambayo yeye pia anayasubiri, na fomu ya 1099-R itakuja kwa anwani mnayoishi wote. Yeye na kaka yako kutoiva ni habari nyingine. Mwonyeshe kwanza zile 31,400, kwenye simu, kama ulivyoziona wewe. Hesabu ya paa ije baada ya chai.

Nilikuambia bahasha ya ile fomu 1099-R ilifika Januari. Sikukuambia kwamba nilikuwa kwenye usaili wa kazi siku hiyo, na habari za basi la binamu nilikuwa sijawahi kuzitaja nyumbani. Mke wangu ndiye aliyeifungua.

Mjomba